Zebaki, maziwa na uvimbe wa shangazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama metali nzito zilizo kwenye mazingira zinawaletea wanawake saratani ya matiti. Huku Geita jibu lipo siku nyingi: mwanamke wa mwaloni, yaani penye kuchenjulia dhahabu, akivimba popote, ni zebaki. Mimi jibu hilo ndilo linalonikera.

Shangazi yangu alikuwa akichenjua marudio, yaani mchanga wa dhahabu uliokwisha kuchenjuliwa, kule Nyarugusu hapa Geita. Zebaki aliishika kwa mikono mitupu, akaikamua kwenye kitambaa, kisha akaichoma kwenye jiko la mkaa hapo hapo mlangoni. Alipogusa uvimbe titini hakumwambia mume, aliwaambia wenzake wa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Nilikuwepo. Mmoja akauliza, "Unauma?" Hauumi. Basi si saratani, saratani ingeuma. Hiyo ni zebaki imejikusanya, dawa yake maziwa mabichi. Ukazuka ubishi mrefu kama mtindi nao unafaa. Mama mmoja, aliyesikilizwa kwa kuwa aliwahi kumiliki duara, yaani shimo la dhahabu, akasema mtindi unagandisha sumu ndani. Hoja ikapita. Shangazi akaanza kukopa maziwa kwa jirani, akilipa kwa pointi za dhahabu, vile vipande vya sehemu ya gramu. Nilipomwambia twende hospitali akanijibu, "Mwanangu, nipande basi mpaka Mwanza kwa kitu kinachotoka kwa maziwa?" Alipokuja kufika hospitali ya Bugando, Mwanza, ngozi ya titi ilishajikunja na kwapani kuna tezi.

Kwa hiyo nilikaa kuandika kwamba tuache visingizio vya metali. Zebaki inajulikana kwa kuharibu mishipa ya fahamu na figo. Kuhusu titi ushahidi ni mwembamba. Kadimiamu, metali nzito nyingine, ndiyo inayotiliwa shaka zaidi. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la kwanza la visababishi, ila hasa kwa mapafu. Maabarani inaweza kuiga homoni ya kike ya estrojeni, lakini tafiti kwa wanawake wenyewe hazijakubaliana. Tena imo kwenye moshi wa sigara, huhitaji kwenda mgodini kuipata. Umri, ukoo, pombe na unene vina ushahidi mzito kuliko hivyo vyote.

Ila nikiandika haya namwona mnunuzi wetu wa dhahabu anavyofurahi. Anayetukopesha zebaki ni yeye. Na jiko lile sasa analitumia binti wa shangazi, ana mtoto mgongoni. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipitishwa mwaka 2013 bila kumsubiri mtu athibitishe habari ya titi. Figo na ubongo wa mtoto vilitosha.

Basi jibu langu: kwa titi, haijathibitika, na zebaki iondoke mwaloni hata hivyo, haraka, kana kwamba imethibitika. Kadimiamu sijaikatia hukumu, ije ichunguzwe na huku kwetu. Lakini mkilifupisha jibu hili kwa kukosa nafasi, msiondoe hapa: uvimbe wa titi, hata usiouma, ni wa kuwahisha hospitali.