Kawaaga marafiki wote, kumbe hatuhami popote

Anti habari za kazi. Mi ni mama wa watoto wawili, ninayekuandikia habari zake ni huyu mkubwa, wa kike, ana miaka 9. Juzi kati mzazi mwenzangu wa darasani kwao kanipigia simu ananiuliza eti mnahama lini, maana binti yake anamsumbua anataka ampe mwenzake zawadi kabla hajaondoka. Nikabaki nimeduwaa. Tunahama kwenda wapi? Hatuna mpango wa kuhama wala hatujawahi hata kuliongelea, nikamjibu juu juu tu nikasingizia kuna mtu mlangoni nikakata. Sasa jana natandika vitanda vyao nakuta chini ya godoro kuna mfuko, ndani bangili ya shanga, kalamu za rangi hata hazijafunguliwa, na daftari ambalo darasa karibu lote wamemwandikia, "usinisahau", "ukifika huko tupigie", mmoja kachora nyumba mbili na barabara ndefuuu katikati. Anti nililia.

Baada ya kukaa nikakumbuka. Kuna usiku nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu namwambia mwezi ujao tunahama, ni mbali, sijui kama nitapazoea. Ni ofisi ndo ilikuwa inahama jengo! Watoto nilijua wamelala.

Mtoto mwenyewe hajui kama najua. Siku hizi Jumapili jioni tumbo linamuuma, Jumatatu anavaa viatu taratibu mpaka gari la shule linataka kumuacha. Baba yake anasema huo ni uongo kama uongo mwingine, apelekwe mbele ya darasa arudishe vitu vya watu aombe msamaha, ndo atakoma. Bibi yake naye kaanza zile hadithi za mchunga kondoo aliyezoea kudanganya watu mpaka siku alipovamiwa kweli hakuna aliyemuamini. Mi nimekwama, nimuulize au nisubiri aseme mwenyewe?
Mama Wawili

Mama Wawili, futa machozi, hili linatengenezeka na wala si kubwa kama linavyoonekana ukiwa umeshika lile daftari.

Tuanze na baba, maana najua ndo mnabishana naye hapo. Mwambie siku mtoto alipowaaga wenzake hakuwa anadanganya. Alisema alichokiamini, kakisikia kwa mdomo wa mama yake mwenyewe. Aliyedanganya anajua ukweli halafu anasema kingine, huyu ukweli hakuwa nao. Siku aliyokuja kugundua ni siku nyingine kabisa, labda mwezi ulifika, umeanza kwenda kazini upande mwingine, vitanda viko palepale, makochi palepale, hakuna anayefungasha kitu, ndo akaelewa. Ila wakati huo bangili ilishakuwa mkononi kwake na daftari lilishazunguka darasa zima. Tangu hapo ndo kuna vijiuongo vya kweli, sitakuficha, akiulizwa lini mnaondoka lazima anasema bado kidogo, na kila akisema hivyo kesho yake inakuwa ngumu zaidi kuliko jana. Hivyo vya mwishoni mtaviongelea, lakini msivichanganye na mwanzo.

Halafu kuna swali ambalo naona hujajiuliza. Kwa nini usiku ule aliposikia hakuja kukuuliza? Kwa sababu alitakiwa awe amelala. Kukuuliza "mama tunahama?" ni kukiri kwamba alikuwa macho anasikiliza simu ya watu wazima. Kwa hiyo mtoto ana siri mbili, moja na marafiki moja na wewe, na hii ya kwako ndo imemfunga mdomo kwenye ile nyingine, maana angeweza kuja kwako akakwambia mama nimeharibu nisaidie, lakini akifungua huko anafungua na huku. Ndo maana nakuomba sana, mkianza kuongea, neno lako la kwanza lisiwe "kwani nani alikutuma usikilize".

Na kuna hili la zawadi ambalo mi naliona ndo zito kuliko yote. Mtoto wa miaka 9 kaambiwa na darasa zima kwamba anapendwa. Wengine hata hakuwa anajua kama wanamfikiria. Sasa akisema haondoki, kichwani kwake anaona vitu viwili, kwanza watasema alitunga ili apewe vitu, na pili, lile penzi lote lilikuwa la mtu anayeondoka, akibaki litaisha. Hilo la pili hatalisema kwa mdomo, watoto hawana namna ya kulisema, ila angalia alikoficha ule mfuko. Anaulalia.

Kumsimamisha mbele ya darasa hapana. Baba anasema ndo atakoma, sawa atakoma, lakini atakoma kusema. Mwaka 2015 Victoria Talwar na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill huko Canada walichapisha utafiti wa watoto 372 wa miaka 4 mpaka 8. Mtoto anaachwa peke yake chumbani dakika moja, nyuma yake kuna kitu cha kuchezea, kaambiwa asigeuke kukiangalia, na kuna kamera imefichwa. Karibu theluthi mbili waligeuka (mi ningegeuka), na katika hao waliogeuka karibu theluthi mbili wakaulizwa wakakana. Waliotishiwa adhabu ndo walikuwa wagumu kusema kweli. Wale walioambiwa kwamba kusema ukweli ni jambo jema, au kwamba kutamfurahisha anayewauliza, walisema zaidi. Wa kwako ni mkubwa kidogo kuliko hao, lakini sidhani kama baba atabisha kwamba woga unafanya kazi hivyohivyo, hata sisi wakubwa tukiitwa ofisini na bosi.

Bibi naye, kwa heshima zote, hiyo hadithi abadilishe. Hii nayo imepimwa, mwaka 2014, Kang Lee na wenzake waliwasomea watoto wa miaka 3 mpaka 7 hadithi za kufundisha ukweli halafu wakaangalia nani atakiri kosa. Ile ya mchunga kondoo haikusaidia kitu. Ya mtoto wa mbao anayerefuka pua, haikusaidia. Iliyosaidia ni ile ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, akiwa mdogo, kakata mti wa baba yake, akakiri, baba akamsifu kwa kusema kweli badala ya kumchapa. Walipoibadilisha mwisho wake ili iwe mbaya kwa mtoto, nayo ikaacha kusaidia. Kituko ni kwamba hiyo ya Washington yenyewe inaaminika ilitungwa tu, aliiandika mtu mmoja anaitwa Mason Weems mwaka 1806, Washington keshafariki, yaani hadithi ya kufundisha watoto wasidanganye na yenyewe ni ya uongo. Lakini bibi kapata kazi, atafute hadithi ambayo mtoto anasema ukweli halafu anabaki salama.

Sasa wewe. Usisubiri, na pia usimuulize. Najua inatamanisha kusema "una kitu chochote unataka kuniambia?", lakini swali la mtu ambaye jibu analo ni mtego, na watoto wananusa mitego vizuri sana, atasema hapana na utakuwa umempa uongo mwingine wa kubeba. Anza wewe. Tafuta muda ambao hamuangaliani usoni, mnakunja nguo, unamsuka, taa imezimwa umekaa pembeni ya kitanda. Sema kama hivi: "Usiku ule naongea na dada yangu nilisema tunahama, nilikuwa naongelea ofisi, na nadhani ulinisikia. Ningekuwa wewe ningeelewa hivyohivyo. Mama wa rafiki yako alinipigia, kwa hiyo najua umewaaga. Sijakasirika." Halafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndo pagumu, utatamani kuongezea mawaidha, usiongeze. Akilia mshike. Akikataa akasema sijui unaongelea nini, usibishane naye, mwambie sawa, nipo, ukiwa tayari tutaongea. Wengi wanarudi kabla hata hujafika mlangoni.

Na msicheke. Nakwambia hivi kwa sababu kisa chenyewe kinachekesha, na najua kuna grupu la dada zako hapo WhatsApp linasubiri. Usikipeleke huko. Akija kusikia anti zake wanamuuliza "eh msafiri, ulishafika?", siku nyingine akiwa na jambo hatakuletea wewe.

Kwa marafiki aende mwenyewe, ila asianze na darasa zima. Achague mmoja, mi naona yule ambaye mama yake alikupigia anafaa. Kabla ya hapo wewe mpigie huyo mama, si ulimkatia simu, mweleze kwa kifupi mtoto alisikia vibaya. Maneno ya kumwambia rafiki yawe machache ili asiyasahau akianza kutetemeka: "Nilisikia vibaya, hatuhami. Nilipojua niliogopa kuwaambia. Samahani." Basi. Asitunge kwamba safari imeahirishwa! Atakuja na hilo wazo, nina uhakika, kwa sababu linaonekana rahisi, na wewe mwenyewe litakuvutia, lakini safari iliyoahirishwa kuna siku wataiuliza tena. Mwalimu wa darasa mnong'oneze mapema, amuache aseme mwenyewe, kazi yake iwe tu kuzima kelele kama kuna watakaomtania. Na watakuwepo, siku mbili tatu hivi, mwambie hilo kabisa ili akikutana nalo asidhani mambo yameharibika.

Zawadi azibebe, amrudishie kila mtu cha kwake kwa mkono wake. Wengi watamwambia kaa nayo. Atakayechukua kalamu zake achukue, ni haki yake. Daftari lisirudishwe popote, yale waliyoandika yalikuwa kweli siku waliyoyaandika.

Tumbo likiendelea kuuma hata baada ya haya yote kuisha mpeleke hospitali, isije ikawa tumekaa tunasema ni mawazo kumbe mtoto anaumwa.

*

Anti mi nina miaka 12 natumia simu ya kaka. Likizo iliyopita tulihama nikajua tunaenda kumsubiri baba amalize kazi halafu turudi, nikamwambia rafiki yangu anitunzie sehemu yangu ya kukaa darasani na mpira wetu wa kuchangia. Kumbe tumehama moja kwa moja na nimeshaanza shule nyingine. Yeye kila wiki anatuma meseji anauliza unarudi lini, nimekataa mtu asikae kwenye kiti chako. Mi najibu hivi karibuni. Nikisema ukweli atajua nilimdanganya toka mwanzo afu hatonipenda tena. Nifanyeje
Mimi

Mwanangu, hukumdanganya toka mwanzo, ulielewa vibaya, na hata wakubwa wako wangekueleza vizuri kabla ya kufungasha yasingefika huku. Ila hizo "hivi karibuni" ni zako, hizo hatuwezi kumpa mtu mwingine.

Mfikirie mwenzako kidogo. Kila wiki kuna mtu anataka kukaa kwenye kile kiti, na yeye anagombana naye kwa ajili yako. Huenda wenzake wameshaanza kumcheka, anatetea kiti cha mtu asiyekuja. Ndo maana usisubiri mpaka akuulize tena. Leo.

Usimwandikie, mtumie vois. Meseji ya kuandika ataisoma kwa sauti aliyonayo kichwani, na akiwa na hasira itasikika mbaya, lakini akikusikia mwenyewe unavyohangaika kuongea ataelewa. Sema: "Nilidhani tunarudi, kumbe hatutarudi, tumehama kabisa. Nimejua muda sasa nikaogopa kukwambia, ndo maana nilikuwa nasema hivi karibuni. Kiti mpe mtu mwingine, na mpira ni wako." Usiache hiyo ya kiti, unamtua mzigo. Usianze kueleza mambo ya kazi ya baba na nani alisema nini, hayo mtayaongea baadaye mkishapatana.

Anaweza kukaa kimya. Siku nzima, labda na zaidi. Amepoteza rafiki wa jirani leo, wewe ulishampoteza tangu ulipojua, kwa hiyo mpe muda na yeye, usimtumie meseji ishirini za "umenuna?". Akijibu kwa matusi kidogo usirudishe.

Halafu nenda kwa mama au baba muulize kitu kimoja, kama kuna likizo yoyote mtapita kule au kama yeye anaweza kuja. Uliza kabla hujamuahidi. Wakisema hapana, au wakisema tutaona, usimwambie rafiki yako chochote kuhusu kuja, maana ukimwahidi tena utakuwa umerudi palepale. Na ukiwa nao hapo waambie na wewe kwamba ulidhani mnarudi. Nina wasiwasi hawajui. Hujaniandikia kama na wewe umelia ila najua.

Na hiyo simu, mwambie kaka yako kuna jibu unalisubiri, likiingia asilifungue yeye.