Baba mdogo aliyenilea amefariki Kakamega: je, AER itanisaidia tiketi?

Swali: Habari yako, Sajenti. Niko Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, daraja la E-4, Fort Bliss, Texas. Baba yangu mdogo amefariki juzi Kakamega. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka 6, baba alipotutoka. Tiketi ni dola 2,400 na kwenye akaunti nina 310. Kiongozi wangu ameniambia niende AER (Army Emergency Relief, mfuko wa kuwasaidia wanajeshi wenye dharura), lakini mwenzangu chumbani anasema ndugu wa baba hahesabiki kama familia, sitapata ruhusa wala pesa. Nje ya geti kuna duka linalokopesha siku hiyo hiyo. Na je, AER husaidia gharama za mazishi?

Jibu: Pole sana, mdogo wangu. Usiende kwenye hilo duka kwanza, tuzungumze.

Mwenzako yuko nusu sahihi, na hiyo nusu ndiyo huwaangusha vijana wetu wengi. Likizo ya dharura hutolewa kwa ajili ya familia ya karibu: wazazi, mke au mume, watoto, ndugu wa kuzaliwa nao. Kiingereza nacho humtia baba mdogo kapu moja na mjomba na ami wa mbali uliyemwona mara mbili harusini: wote ni *uncle*. Ukisema hilo neno moja mbele ya karani, umejifungia mlango mwenyewe. Lakini kanuni za likizo zinamtambua pia mtu aliyesimama mahali pa mzazi. Wao wameuacha msemo huo kwa Kilatini, *in loco parentis*. Huyo hushikwa kama mzazi. Basi usiseme "baba yangu" ukanyamaza, kwa maana jina kwenye hati ya kifo litakusuta. Sema: baba mzazi alifariki nikiwa na miaka 6, ndugu yake akanichukua, akanilisha, akanisomesha, nikaishi kwake hadi nilipoondoka.

Kisha onyesha. Nilipokuwa kazini niliwahi kumsaidia kijana mmoja katika hali kama yako. Kilichomwokoa ni picha mbili zilizotumwa kwa WhatsApp: barua ya chifu yenye muhuri, na fomu ya kujiunga na sekondari ambayo kwenye nafasi ya mzazi au mlezi ilikuwa na jina na sahihi ya marehemu. Mwambie mtu wa nyumbani aende kwa chifu leo. Aombe barua itaje miaka uliyoishi kwa marehemu, isiishie kwenye "ni jamaa yake".

Hatua inayotangulia zote ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Wao huthibitisha msiba, kisha humjulisha kamanda wako. Hawatoi ruhusa, ruhusa ni ya kamanda, lakini bila uthibitisho wao mambo huenda kwa kusuasua. Simu yao, 1-877-272-7337, iko wazi saa 24 na huduma ni bure. Namba ya namna hiyo mara nyingi haipatikani ukipiga kutoka Kenya, kwa hiyo usimwachie shangazi kazi hiyo. Piga wewe mwenyewe, au jaza ombi kwenye mtandao. Uwe na jina kamili la marehemu, uhusiano wenu ulioelezwa kama nilivyosema, jina la hospitali au mochari, na namba ya mtu wa pale atakayepokea simu. Kumbuka tofauti ya saa: wakiulizia mochari alasiri ya Texas, Kakamega ni usiku wa manane na ofisi imefungwa.

Sasa AER. Hili ni shirika la hisani lililoanzishwa 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na huchangiwa na wanajeshi na wastaafu. Kwa hiyo usiingie pale kama ombaomba. Ofisi yake kambini kwa kawaida iko ndani ya Army Community Service, ofisi ya huduma kwa wanajeshi na familia zao. Safari ya dharura ni mojawapo ya mambo wanayosaidia kila siku. Hutoa mkopo usio na riba, au ruzuku usiyorudisha, au mchanganyiko, kutegemea hali yako. Nenda na kitambulisho, karatasi ya mshahara ya karibuni, karatasi ya likizo na bei ya tiketi iliyochapishwa. Watakuuliza matumizi yako ya mwezi. Usiyapambe. Ukificha kwamba unatuma nyumbani dola 300 kila mwezi, watakupangia marejesho usiyoyaweza.

Kabla ya kununua chochote, muulize karani wa S-1, yaani ofisi ya utumishi ya kikosi chako, kama safari yako inaweza kulipiwa na serikali. Zipo hali ambazo hulipiwa, hasa kwa walio kwenye vituo vya nje ya Marekani.

Kuhusu lile duka, piga hesabu nami. Dola 2,400 za AER kwa miezi 24 ni dola 100 kwa mwezi, zinakatwa kwenye mshahara, mwisho wa hesabu umelipa 2,400. Sheria ya mikopo kwa wanajeshi ya 2006 inawazuia wakopeshaji kutoza riba kupita asilimia 36 kwa mwaka. Watu husikia "sheria inakulinda" wakatulia. Kwa asilimia hiyo 36, mkopo huo huo wa miezi 24 utakugharimu karibu dola 142 kwa mwezi, yaani kama dola 1,000 za ziada.

Mazishi nayo yamo kwenye mambo ambayo AER huyaangalia, lakini kwa mlezi aliye ng'ambo siwezi kukuahidi kitu. Peleka ankara ya mochari na ya jeneza, mwache afisa aamue. Bajeti ya kamati yenye ng'ombe wawili, mahema na basi la waombolezaji usiipeleke, haina mahali pa kuingia kwenye fomu. Hayo ni ya harambee, na nyumbani wanayajua kuliko sisi.

Siku za likizo ya dharura zinakatwa kwenye zako. Unajikusanyia 2.5 kwa mwezi. Zisipotosha, uliza kuhusu kupewa siku za mbele. Na kwa kuwa unatoka nje ya nchi, mwambie S-1 leo hii kwamba ni Kenya, kwa sababu kuna kibali na maelekezo ya usalama. Angalia pia pasipoti isije ikawa imekwisha muda.

Tiketi chukua inayoruhusu kubadili tarehe, hata kama imezidi kidogo. Unajua mazishi ya kwetu: wakisema Jumamosi hii, huenda ni ile inayofuata.