Fedha za kikoba zilindwe na hifadhidata, si na kitufe

Mfumo wangu wa kwanza wa wavuti niliutengenezea kikoba cha akina mama, kwa PHP (lugha inayofanya kazi kwenye seva), MySQL (hifadhidata) na jQuery (maktaba ya JavaScript, lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari). Mweka hazina alijaza marejesho kwenye fomu, akabonyeza "Hifadhi", na salio likabadilika papo hapo bila ukurasa kufunguka upya. Hilo la salio lilinichukua wiki nzima. Majedwali niliyaunda jioni moja tu, na hapo ndipo nilipokosea.

Haikupita muda, mama mmoja akaonekana amelipa mara mbili. Mtandao ulikuwa mzito. Mweka hazina alibonyeza, hakuona kitu, akabonyeza tena. Nikaandika JavaScript ya kuzima kitufe kikishabonyezwa. Mwezi uliofuata yakajirudia: ukurasa ulikwama, akaufungua upya, akajaza risiti ileile.

Kuitafuta risiti kwa PHP kabla ya kuihifadhi hakutoshi pia, kwa sababu maombi mawili yanaweza kutafuta kwa wakati mmoja na yote yakakuta haipo. Dawa ilikuwa kuiwekea safu ya namba ya risiti sharti la UNIQUE, yaani namba isijirudie. Tangu hapo MySQL yenyewe huikataa risiti ya pili, ije kwa njia yoyote.

Tatizo la pili lilinitesa zaidi. Malipo yaliingia jedwali moja na deni likapunguzwa kwenye jingine, kwa hiyo hitilafu ikitokea katikati, hesabu hazikulingana. Nikafunga amri zote mbili ndani ya muamala mmoja, yaani zifanikiwe zote au zifutwe zote, lakini ROLLBACK, amri ya kuzifuta, haikurudisha chochote. Kumbe majedwali yalikuwa ya MyISAM, aina ya jedwali isiyojua miamala, na ukiitumia hivyo hupati kosa, labda onyo tu. Ndiyo iliyokuwa chaguo-msingi la MySQL kabla ya toleo la 5.5 la mwaka 2010. Ukirithi mfumo wa zamani, anza kwa kukagua hilo, kisha hamishia majedwali InnoDB, aina inayojua miamala. Fedha ziweke kwenye safu ya aina ya DECIMAL, inayotunza desimali kamili, kamwe si FLOAT, inayokadiria. Anachoandika mtumiaji usikiunganishe moja kwa moja na amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, maana anaweza kupenyeza amri zake. Tumia amri zilizoandaliwa (prepared statements) za PDO, kiunganishi cha PHP na hifadhidata, ambazo hutenganisha amri na data.

Siku hizi, kabla sijagusa JavaScript, nakaa na mweka hazina na daftari lake la karatasi, namuuliza: ni mambo gani hayaruhusiwi kutokea kabisa? Mweka hazina wa kikoba kile alinitajia mawili ambayo sikuwa nimeyawaza: mtu kukopa tena kabla hajamaliza deni, na mkopaji kujidhamini mwenyewe.