Ditto wa London si Ditto wa kigeni

Wadogo zangu wachezaji wa Pokémon, wiki hii pekee nimeonyeshwa Ditto (yule Pokémon anayezaa na karibu Pokémon yeyote) watatu "wa kigeni", na wote watatu ni wa Kiingereza, sawasawa na michezo yenu. Mmoja wenu ameshaangua mayai 900 na Ditto wa namna hiyo akitafuta shaini, yaani Pokémon mwenye rangi adimu. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yale 900 yanahesabika. Hayahesabiki, mdogo wangu. Kaeni niwaeleze, maana jambo hili lilinila miezi miwili mizima.

1. Njia ya Masuda, ile ya kuzalisha Pokémon wawili wa lugha tofauti ili nafasi ya shaini iongezeke, inaangalia lugha ya mchezo, haiangalii nchi.

Mwaka 2023 nilikuwa nacheza Pokémon Scarlet, na nilitaka Ralts shaini, yule wa buluu (wa kawaida ni kijani), ili nimkuze awe Gallade. Mtoto wa shangazi yangu yuko London, akanitumia Ditto. Nikajiambia Uingereza ni ng'ambo, basi huyu ni wa kigeni, kazi ianze. Niliandaa kila kitu kama inavyotakiwa: Ralts jike, Talonflame mwenye uwezo wa Flame Body ili mayai yaive kwa nusu ya mwendo, maboksi matupu, sandwichi ya kuongeza mayai. Kila jioni nikitoka kazini nafungua pikniki ya mchezoni, nachota mayai kwenye kapu, napanda Koraidon, yule Pokémon wa kupanda, na kuzunguka mpaka yaanguliwe. Nilikuwa na daftari la mistari mieupe nachora vijiti, vitano vitano. Binti yangu alikuwa anakaa pembeni anahesabu nami. "Baba, kijani tena." Alikuwa na miaka minne, na hilo neno alilisema mpaka likawa wimbo wa nyumbani.

Mayai 1,140. Hakuna hata mmoja.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nilibadilisha sandwichi, nikahamisha pikniki kutoka mlimani hadi ufukweni, nikawa naangua usiku wa manane tu. Nikambadilisha hata Ralts mama, kana kwamba kosa ni lake. Kumwangalia Ditto mwenyewe halikunijia kichwani hata mara moja.

Kisha alikuja kututembelea rafiki yangu wa Lubumbashi, ambaye mchezo wake ni wa Kifaransa. Akashika mashine, akapekua boksi langu, akauliza, "Juu ya nini Ditto yako inaitwa Ditto?" Sikumwelewa. Akatoa mashine yake akanionyesha wa kwake: jina lake Métamorph. Pokémon akibadilishwa huja na jina la lugha ya kwao. Hapo nilihisi tumbo linapoa. Mtoto wa shangazi alipoanza mchezo kule London alichagua Kiingereza, nami hapa nilichagua Kiingereza. Mchezo uliona baba na mama wa lugha moja, ukanipa nafasi ya shaini 1/4096, ileile ya Pokémon wa kukutana nao barabarani, mimi nikidhani nina 1/683 ya Masuda. Piga hesabu: watu 100 wakiangua mayai 1,140 kila mmoja kwa 1/683, kama 81 watakuwa wameshapata. Kwa 1/4096 ni 24 hivi. Miezi miwili nilikuwa nacheza bahati nasibu nyingine kabisa.

Tukabadilishana palepale, yeye akachukua Ditto wa London (kwake yeye huyo ndiye wa kigeni, na alimfaa sana), mimi nikabaki na Métamorph. Ralts wa buluu alitoka yai la 212. Binti alikuwa amelala. Sikuweza kungoja asubuhi, nikamwamsha.

Kwa hiyo, kabla hujafungua pikniki, muulize aliyekupa Ditto: ulichagua lugha gani ulipoanza? Usitegemee jina peke yake, kwa sababu Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano nao wanamwita Ditto vilevile. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaocheza kwa Kifaransa ni hazina, na wengi wao wanahangaika kumtafuta Ditto wa Kiingereza. Tafutaneni.

2. Tazama rangi ya shaini kabla ya kuanza, maana wengine hawatofautiani sana na wa kawaida. Kijana mmoja aliangua Gible wiki tatu, akamkuza awe Garchomp, akaniletea kwa furaha, nikamuuliza shaini yuko wapi. Alikuwa ndiye huyo mbele yangu. Gengar naye ni hivyohivyo. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na Magikarp: yai lake lina mizunguko 5 tu ya kutembea kabla ya kupasuka, wakati la Ralts lina 20 na la Dratini 40. Utapata samaki wa dhahabu, kisha Gyarados mwekundu, na utakuwa umejifunza kazi bila kuumia.

3. Ukizalisha na Ditto, mtoto hurithi mpira (Poké Ball) wa mzazi mwingine, na haubadiliki tena. Mkamate mzazi kwa mpira unaoupenda.

4. Kusevu kabla yai halijapasuka na kurudia hakusaidii. Rangi imeshaamuliwa siku nyingi, wewe unafungua barua tu.

5. Kapu la pikniki hubeba mayai 10, halizidi. Usiende kulala ukitegemea kuamkia 40.

6. Maliza kwanza Pokédex (orodha ya Pokémon) ya Paldea, nchi ya mchezo huu, wote 400, mwalimu Jacq akupe Shiny Charm, kifaa cha kuongeza nafasi ya shaini. Ukiwa nayo na Ditto wa lugha nyingine unafika 1/512. Lakini 1/512 si ahadi ya yai la 512! Kati ya watu 100 watakaofika hapo, 37 hivi watakuwa bado mikono mitupu, na hawajakosea chochote. Ukiwa mmoja wao, njoo tuzungumze kabla hujaanza kuhamisha pikniki ufukweni.

Métamorph wangu bado ninaye. Ditto hazai Ditto, kwa hiyo ni yeye mmoja tu, na nitamwazima kwa zamu, wiki moja moja. Mwenye mayai 900 ndiye wa kwanza.