Wenzio wanabaki nyumbani, wewe daladala kila siku

Waalaikumu salaam dada yangu. Umeuliza kama ni uonevu wewe kutoka Mahonda, shamba huko Unguja, siku tano kwa wiki kwenda ofisini Mjini Zanzibar, na wenzio wawili wa kitengo hichohicho waje Jumatatu tu. Kama kazi ni ileile, una haki ya kuuliza, tena kwa maandishi.

Mimi yalinikuta. Natoka alfajiri mtoto bado kalala, nafika Darajani nguo zimekunjana, kisha nafungua mafaili yaleyale anayofungua mwenzangu sebuleni kwake Mbweni. Kilichoniuma zaidi ni kutoelezwa sababu.

Wenzio usiwanunie, huenda mmoja anauguza. Muulize mkuu wako kigezo alichotumia, na omba siku mbili za nyumbani kwa majaribio ya mwezi mmoja, ukimuandikia kila jioni ulichomaliza. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inakataza ubaguzi kazini, ila ratiba kutofautiana peke yake haitoshi kuitwa ubaguzi. Ukiona chanzo ni jinsia, dini au ulemavu, hapo usinyamaze: peleka barua yako kwenye chama cha wafanyakazi.