Kila mama na jembe lake: Kiingereza cha ripoti kinapokwama

Nina steshenari hapa Kigoma mjini, upande wa Mwanga, na siku hizi kazi kubwa sio fotokopi tena, ni kuchapa na kunyoosha Kiingereza cha watu. Ripoti za vikundi, maandiko ya miradi, barua za kuomba ufadhili, CV za vijana wanaotaka kazi kwenye mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu. Kiukweli Kiingereza cha watu wetu sio kibaya kama wenyewe wanavyojisema, ila kuna sehemu moja karibu kila karatasi inajikwaa hapo hapo, pale watu wanapokuwa wengi halafu kitu ni kimoja kimoja. Sisi, ninyi, wao, halafu jembe, kadi, ndoo.

Chukua hii: "The women received a hoe." Aliyeandika anajua kila mama kaondoka na jembe lake begani. Anayesoma ripoti yuko Dar au yuko Ulaya, hakuwepo, na anaweza kabisa kuelewa kwamba akina mama wote wamepewa jembe moja walime kwa zamu. Unasema basi naweka wingi, "The women received hoes", sawa, sasa jembe moja limeongezeka yakawa majembe lakini bado hujamwambia kila mmoja kapata mangapi, na mtu wa fedha anachotaka ni hicho tu. Andika "Each woman received a hoe" au "The women received a hoe each", umemaliza. Likiingia tarakimu ndio balaa zaidi, maana "Ten women received two hoes" inaweza kuwa majembe 2 na inaweza kuwa 20, ila "Ten women received two hoes each" ni 20 bila ubishi. Na usitegemee kompyuta ikuwekee mstari mwekundu hapo, sentensi zote hizo kisarufi ziko safi, kilichopotea ni hesabu, kwa hiyo mimi kabla sijaprint huwa namuuliza mteja swali moja, mama kitu kilikuwa cha wote au kila mtu na chake? Jibu lake ndio linachagua neno.

Kuna wanaodhani "all" inafanya kazi ileile ya "each". Haifanyi. Ukienda Kibirizi ukakuta wanaume wanasukuma mtumbwi mmoja kwa pamoja, unaweza kuandika "All the men pushed a boat" na ni kweli. Ukiandika "Each man pushed a boat" umesema kila mwanaume anasukuma wa kwake, tena peke yake. "All" inawakusanya watu, "each" inawapitia mmoja mmoja, na "every" nayo inawapitia vilevile ila haipendi wakiwa wawili tu, wawili wanatosha "each" au "both".

Sasa umbo. Baada ya "each" na "every" nomino inakaa umoja, hata kama watu ni mia tano: "each member", "every household". Sio "each members", sio "every households". Akili yetu inaona watu wengi mkono unaandika s, naelewa, ila angalia hata Kiswahili chetu, tunasema kila mwanachama, hatusemi kila wanachama, ni tabia ileile. Ukitaka kuleta sisi au wao lazima upitie "of", "each of us", "each of them", na kama ni nomino basi iwe wingi na iwe na kitu cha kuitaja mbele yake, "each of the members", "each of our members". "Each of members" inaning'inia.

Halafu kuna hii ambayo nikipewa shilingi kwa kila niliyoifuta ningeshajenga: "every of them". Hakuna kitu kama hicho. "Every" haikai na "of" moja kwa moja, inataka "one" katikati, "every one of them", na hapo "every one" ni maneno mawili, maana ukiyaunganisha inakuwa "everyone" ya watu wote kwa ujumla na hiyo haifuatwi na "of them".

Kitenzi nacho kinafuata nani ametangulia. "Each of us has a card", umoja, kwa sababu "each" ndio bosi. Lakini "We each have a card", wingi, kwa sababu bosi ni "we" na "each" imekuja nyuma kama msindikizaji. Kadi ni zilezile, watu walewale. "All" na "both" zenyewe hazina makuu, "all of us have" na "we all have" zote zinapita, usiseme tu "all we have" ukimaanisha sisi sote, maana hiyo inasomeka kama ndio vyote tulivyonavyo.

Swali linalonifuata sana ni hili la "Each member must bring their card". Mzee mmoja mwalimu mstaafu alinikatalia kabisa, mtu mmoja anakuwaje "their"? Kwetu hakuna kesi, ni kadi yake tu awe mama awe baba, wao wamejibana kati ya "his" na "her". Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kwenye sheria zao maneno ya kiume yahesabike yamebeba na wanawake. Ila "they" ya mtu mmoja iko kwenye maandishi yao tangu karne ya 14, sio uhuni wa juzi. Mimi naiacha, nahakikisha tu "card" imebaki umoja. Kama barua inakwenda kwa mtu mgumu kama yule mzee nageuza yote wingi, "Members must bring their cards", ugomvi unaisha.

Huo wingi wa mwisho una mambo yake lakini. Kiingereza kikishasema wao kinapenda na vitu vyao viwe wingi, "they raised their hands", "the fishermen lost their lives", ukiandika "their life" ni kama walikuwa na uhai mmoja wa kushea. Shida inakuja hapa: "The fishermen came with their wives." Kila mvuvi na mke mmoja, au yupo mwenye watatu? Sentensi haisemi, na kwa huku kwetu hilo swali sio la utani, kwenye orodha ya kaya linabadilisha idadi ya vyandarua. Andika "each with his wife", na kama kuna mwenye wawili mtaje kwa sentensi yake.

La mwisho ni sisi wakulima. "We farmers ask for seeds" ni sahihi tukiwa ndio tunaofanya, na tukiwa tunaofanyiwa inakuwa "The project helped us farmers". Wengi wanaandika "helped we farmers" kwa sababu kwetu sisi ni sisi popote ilipokaa. Na usiende mbele ukaandika "they farmers" ukidhani ni wao wakulima, hiyo weka "those farmers" au "the farmers". "You" ndio imeachiwa uhuru, "you farmers" inaenda, na hata kwa mtu mmoja ipo, "you fool", ila hiyo kwenye barua ya kuomba hela usijaribu.