Kaboni yenye majirani sita

Mdogo wangu wa Ngamiani, umeuliza kaboni ya kaborani (molekuli ya kaboni, boroni na hidrojeni) inashikaje majirani sita ilhali darasani mmeambiwa ina mikono minne. Swali zuri sana. Mikono hapa haihesabiki mmoja mmoja. Kaborani hiyo, C2B10H12, ni tundu la pembe 12, boroni 10 na kaboni 2, na jozi 13 za elektroni ni mali ya tundu zima, si za atomu mbili mbili. Fikiria dema la wavuvi wetu hapa Tanga: ufito mmoja haubebi mzigo, msuko wote ndio unaobeba.

Utamu uko kwenye metali. Chukua tundu lile ambalo kaboni zake mbili zimepakana, ulichemshe na besi kali ndani ya alkoholi: boroni moja inang'oka. Ukiondoa pia protoni, unabaki mdomo wa pembe tano, na metali hukaa pale kama kawa juu ya sinia. Mwaka 1965 mkemia Hawthorne na wenzake, Marekani, waliweka chuma kati ya midomo miwili. Mimi naipenda zaidi ile yenye kobalti badala ya chuma: inastahimili asidi na mnururisho, kwa hiyo hutumika kuchomoa sesiamu kwenye taka za nyuklia.